Mji Mpya na Ng'ambo Yake

Gari ya alfajiri ya Fumba, kusini mwa mji wa Zanzibar, haipandwi na watalii. Wanaoipanda ni waashi wenye mwiko uliochomoza mfukoni, wapaka rangi ambao suruali zao zimeganda madoa, na vijana wa umeme waliopakata mabunda ya waya. Utingo anawasogeza mpaka wabanane, anagonga bati, tunaondoka. Kisauni, Kombeni, Dimani, Bweleo. Huko mbele ardhi ni maweni, mawe matupu ya matumbawe, ambako wazee walilima muhogo na mtama kwa kuibahatisha mvua na riziki yao kubwa wakaitafuta pwani. Kisha, bila ya kukuandaa, yanatokea maghorofa meupe, taa za barabarani, bustani za kumwagiliwa na lango lenye walinzi. Mafundi wanashuka nje ya lango. Saa kumi na moja jioni watasimama pale pale kusubiri gari ya kurudi.

Nimeipanda gari hiyo mara kadhaa, na kila mara hurudi na swali lile lile: mji gani huu ambao wanaoujenga hawalali ndani yake?

Nalikamata swali hilo kwa sababu mjadala mzima wa miji mipya katika nchi maskini, uwe wa Zanzibar, Angola au Honduras, ukiuvua nguo unabaki na mambo mawili: nani atalala humo, na nani atakula thamani ya ardhi itakapopanda.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Mji wa kupangwa ni ule unaochorwa kabla ya mtu kuhamia. Serikali au kampuni inachukua eneo tupu, au lililohesabiwa kuwa tupu, inalaza mabomba, waya na barabara, halafu ndipo inauza. Brazil ilizindua Brasília mwaka 1960 ili kuuondoa mji mkuu pwani. Nigeria ikaamua juu ya Abuja 1976. Tanzania iliamua Dodoma 1973, na serikali ikachukua zaidi ya miaka arobaini kuhamia kwa dhati. Miji mikuu ya namna hii sitaikalia sana, kwani ina mteja wa uhakika: mtumishi wa serikali huhamishwa kwa barua. Kazi iko kwenye mji ambao hakuna anayelazimishwa kuhamia.

Fumba ni wa namna hiyo. Pamoja na Micheweni kule Pemba, ilitangazwa kuwa eneo huru la uchumi, yaani la nafuu za kodi kwa wawekezaji, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Matarajio yalikuwa viwanda, na ajira kwa vijana wanaomaliza skuli. Micheweni kwa miaka mingi ilibaki kuwa jina kwenye makaratasi kuliko kitu cha kukiona kwa macho. Fumba nayo ilikawia, na ilipochangamka kilichoota kwa wingi ni nyumba: Fumba Town ya kampuni ya CPS, Fumba Uptown ya Bakhresa. Mwaka 2022 serikali ikaongeza mpango wa Silicon Zanzibar wa kuzivutia kampuni za teknolojia. Sina ugomvi na nyumba. Ila nyumba na kiwanda haviuendeshi uchumi kwa njia moja, na hapo ndipo barazani huwa tunapigizana kelele bila ya kusikilizana. Mmoja anasema, "Tazama Dubai!" Mwingine anajibu, "Hizo ni nyumba za wageni." Kila mmoja anajibu swali ambalo mwenzake hakuliuliza.

Tuliulize basi: mji humtajirishaje mtu?

Mchukue fundi cherehani. Akiwa kijijini Makunduchi atashona kila kinacholetwa: sare ya skuli leo, gauni la harusi wiki ijayo, na zipu za suruali katikati. Mashine ikiharibika, safari ya mjini. Mwenzake wa Darajani, mjini, ana duka la uzi mlango wa pili, fundi wa mashine mlango wa tano, na jirani ambaye kazi yake ni vitanzi vya vifungo tu, toka asubuhi mpaka jioni. Basi yeye hushona mabuibui peke yake, na kwa kuwa hushona hayo tu, hushona mengi na mazuri. Akigombana na tajiri wake leo, kesho yuko kwa tajiri mwingine mtaa huo huo. Na kijana anayemfagilia duka anaiba ufundi kwa kutazama. Wanauchumi wana maneno marefu ya jambo hili, lakini ndilo hilo: watu wanaohitajiana wamewekwa karibu. Marumaru na bustani hazimo katika hesabu.

Taabu ya mji wa kuchorwa ni kwamba ukaribu huo huja na watu, na watu ndio kwanza hawajafika. Muuza uzi hafungui duka pasipo na mafundi, na fundi hahamii pasipo na uzi. Anayejenga hana budi kuuvunja mviringo huo, na wengi hudhani utavunjika kwa majengo. Angola ilijenga Kilamba, nje ya Luanda, kwa kampuni ya Kichina na mkopo uliolipwa kwa mafuta. Awamu ya kwanza, fleti zipatazo 20,000, ilizinduliwa 2011. Fleti ya bei ya chini iliuzwa kiasi cha dola 125,000, fedha ambazo mtu wa kawaida wa Luanda hajawahi kuzishika. Mji ukakaa kimya, mpaka 2013 serikali ilipoishusha bei hadi dola 70,000 na kuruhusu watu walipe kidogo kidogo kwa miaka 30. Hapo foleni zikaanza. Majengo yalikuwa yale yale. Kenya nayo ilinunua eka 5,000 za Konza kwa mji mpya wa teknolojia, ikaweka jiwe la msingi Januari 2013, na kwa miaka mingi baadaye msafiri wa barabara ya Mombasa alikuwa akionyeshwa uwanda wa nyasi wenye jengo moja moja.

Anayetetea miji mipya atakwambia Shenzhen, na ana haki. Uchina iliitangaza kuwa eneo maalumu la uchumi mwaka 1980, na sensa ya 2020 ikahesabu huko watu zaidi ya milioni 17. Lakini hadithi ya Shenzhen hupendwa kusimuliwa nusu. Nusu inayosimuliwa ni kodi ndogo, vibali vya haraka na wawekezaji. Nusu nyingine ina mambo mawili.

La kwanza, Shenzhen imepakana na Hong Kong. Viwanda vilikuwa tayari vipo upande wa pili wa mpaka, vikilemewa na mishahara na kodi za majengo, vilivuka tu. Mviringo wa fundi na muuza uzi ulikuwa umeshavunjwa na jirani.

La pili ndilo linalonivutia zaidi. Serikali ilipotwaa mashamba, wanavijiji wa asili waliachiwa viwanja vya makaazi yao. Wakajenga juu yake, ghorofa tano, sita, saba, zimebanana hata majirani wa majengo mawili wanaweza kupeana mikono madirishani. Wenyewe wameyaita hivyo hivyo, majengo ya kupeana mikono. Wapangaji miji waliyaona ni aibu. Lakini humo, katika vyumba vya kodi ndogo, ndimo walimolala mamilioni ya wafanyakazi waliokuja na mfuko mmoja wa nguo. Mji wa kuchorwa ulitoa kazi, na vijiji ambavyo havikuchorwa vikatoa kitanda. Mwanakijiji aliyekuwa akivua samaki akawa mwenye nyumba wa kupangisha.

Mzanzibari hahitaji kupanda ndege kulielewa hilo. Tunalo neno lake.

Mji Mkongwe ulikaa kwenye rasi yake, na nyuma yake ulikuwapo mkono wa bahari uliojaa na kukupwa. Upande wa pili ndiko ng'ambo. Walioishi huko walikuwa wapagazi, madobi, mabaharia, mafundi, watumwa wa zamani waliopata uhuru wao. Asubuhi walivuka kwenda kufanya kazi kwenye majumba ya mawe. Usiku walirudi kwenye nyumba zao za udongo na makuti. Bila ya Ng'ambo, Mji Mkongwe usingekuwa na mtu wa kubeba gunia la karafuu. Mkono ule wa bahari umeshafukiwa, pale penye barabara iendayo Darajani, lakini jina limebaki.

Na Ng'ambo ilitufundisha pia hilo la pili, la ardhi. Mtu alijenga nyumba yake mwenyewe kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Nyumba yangu, ardhi yako. Mwanzoni wenye ardhi wengi hawakudai kitu cha maana, kwani ardhi yenyewe ilikuwa mashamba tu. Watu walipojaa, kiwanja kikawa mali, na kodi ya kiwanja ikaanza kupanda. Tazama vizuri kilichotokea: aliyeipandisha thamani ile ni mpangaji, kwa kuhamia kwake, kwa kisima chake, kwa duka lake la mafuta ya taa, na aliyetumiwa hati ya madai ni yeye yeye. Mwaka 1928 wenye nyumba wa Ng'ambo wakagoma kulipa. Mgomo ule uliitikisa serikali ya kikoloni mpaka ikalazimika kuingilia kati kuzuia kodi za viwanja zisipandishwe ovyo.

Kwa hiyo mtu akikuuliza mji mpya utaleta faida gani, muulize ardhi inaongezeka thamani kwa nani. Shamba la muhogo likipata barabara, umeme na jina kwenye tangazo, bei yake haipandi mara mbili. Hupanda mara nyingi, na kupanda huko ndiko kunakoweza kulipia mabomba, skuli na zahanati. Ndivyo Shenzhen ilivyofanya. Ardhi huko ni ya serikali, kama ilivyo kwetu, lakini Desemba 1987 mji ulinadi hadharani haki ya kuitumia, mnada wa kwanza wa aina hiyo Uchina, na mapato ya ardhi yakawa mafuta ya mashine nzima. Fedha ile ile isipokamatwa na umma huishia kwa aliyewahi kupata kiwanja.

Tumewahi pia kujaribu mji mpya wa kwetu wenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wapangaji miji kutoka Ujerumani Mashariki walichora ramani ya kuibadilisha Ng'ambo: nyumba za udongo ziondoke, badala yake zije fleti ndefu zilizopangwa kama mabehewa. (Ramani hatujawahi kuzikosa. Lanchester, mpangaji miji wa Kiingereza, alituchorea moja 1923, Wachina wakatuchorea nyingine 1982.) Mzee Karume aliisukuma kwa mikono miwili kazi ya kujenga fleti hizo, pale Michenzani, ndani ya Ng'ambo. Waliobomolewa nyumba walipewa fleti, na hilo ni jambo ambalo miradi mingi ya leo duniani haithubutu. Pemba nayo ikapata zake, Chake Chake, Wete na Mkoani. Karume aliuawa Aprili 1972, kasi ikapungua, na sehemu kubwa ya ramani haikujengwa kamwe.

Nimewahi kukaa Michenzani kwa jamaa yangu, ghorofa ya tano, lifti hakuna. Maji yalikuwa hayapandi, na nilijifunza kwamba ndoo ya lita ishirini ina uzito tofauti kila ngazi. Shangazi yangu, aliyelelewa kwenye nyumba ya ua, alikuwa akilalamika kuwa hajui pa kutwangia wala pa kuanikia. Hata hivyo asingekubali kuhama, na sababu yake ilikuwa fupi: "Mwanangu, hapa nikishuka nimo mjini." Chini kulikuwa na duka, muuza chipsi, fundi viatu na kituo cha gari. Zile fleti zinaishi kwa sababu zimezungukwa na Ng'ambo ambayo wapangaji miji walikusudia kuifuta. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga. Fungua uingie ndani. Na kwa Michenzani inakubidi pia utoke nje uone kilicho chini yake.

Kuna fikra nyingine mpya zaidi, nayo haianzi na majengo wala ardhi bali na sheria. Paul Romer, mwanauchumi aliyekuja kupata tuzo ya Nobel 2018, alianza 2009 kuinadi duniani. Nchi maskini, alisema, hazikosi watu wala ardhi, zinakosa kanuni nzuri. Basi zitenge eneo tupu, ziliwekee kanuni mpya, hata kwa kusimamiwa na nchi nyingine, na anayetaka ahamie kwa hiari. Honduras ilitunga sheria ya namna hiyo 2013, na katika kisiwa cha Roatán ikaota Próspera, mji wa kampuni binafsi wenye kanuni zake, pembeni ya kijiji cha wavuvi. Wanakijiji wakaingia hofu kuhusu ardhi yao. Mwaka 2022 bunge likaifuta sheria. Kampuni ikaipeleka nchi kwenye usuluhishi wa kimataifa ikidai takriban dola bilioni 11. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikasema sheria ile inavunja katiba. Kisiwa, wavuvi, wawekezaji wenye ramani: mtu wa Unguja akiisoma habari hiyo hawezi kujizuia kugeuza shingo upande wa Fumba. Lakini tusichanganye. Fumba ina nafuu za kodi na vibali vinavyopitia mamlaka ya uwekezaji, ZIPA. Haina mahakama yake wala serikali yake, na uhamiaji ni jambo la Muungano. Ubishi wetu ni wa ardhi, wala si wa mamlaka ya nchi.

Na ardhi kwetu ina kanuni zake. Kwa sheria ya 1992 ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais. Raia hupewa haki ya matumizi, mgeni hukodishwa. Ndiyo maana mwanakijiji anapopisha mradi, kinachohesabiwa zaidi ni kilicho juu ya ardhi: nyumba, na vipando. Mnazi huu, mwembe ule, muhogo wa miezi sita. Kwenye ardhi ya karafuu Pemba hesabu hiyo inaweza kuwa nono. Kwenye maweni ya kusini Unguja huwa nyembamba, kwa sababu maweni hayaoti mengi, na thamani ya mahali pale, yaani bahari iliyo mbele yake, haimo kwenye orodha ya vipando. Njia ya kushukia pwani haina bei, na mwanamke wa Bweleo anayefuga chaza au kulima mwani anaihitaji kila bahari inapokupwa.

Sasa tutazame ukubwa wa shida yenyewe. Sensa ya 2012 ilihesabu Zanzibar watu 1,303,569. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Ongezeko ni watu zaidi ya 586,000 kwa miaka kumi. Ukiwaweka watano watano nyumba moja, ni karibu nyumba 11,700 kila mwaka, mwaka nenda mwaka rudi. Hakuna kampuni ya nyumba za kuuza kwa dola itakayoufikia mzigo huo, wala hatuna sababu ya kuilaumu kwa hilo. Haikuja kwa kazi hiyo. Wanaoubeba ni watu wenyewe, Fuoni, Tomondo, Mtopepo na kwengineko, kwa kukatiana viwanja na kujenga chumba leo na choo mwakani, mara nyingi pasipo barabara wala mtaro. Masika yakija, maji yanakumbusha.

Ndiyo maana mfano wangu wa mji mpya hauna jengo refu hata moja. Ni Sinza, Dar es Salaam. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja huko na Kijitonyama, ikalaza barabara na maji, ikawaachia watu wajenge kwa uwezo wao. Hakuna aliyepiga picha ya uzinduzi wa kupendeza, nadhani. Barabara ya vumbi na vigingi havina sura. Lakini mistari ilichorwa kabla ya watu, na nafasi ya kujenga pole pole ikaachwa. Leo kiwanja cha Sinza si cha mchezo.

Kitu kama hicho kinaweza kuwekwa pembeni ya mji wa dola, na hapo nadhani Fumba bado ina nafasi. Tuseme kibarua analipwa shilingi 20,000 kwa siku, na gari inamla 2,000 kwenda na kurudi. Katika kila siku kumi za kazi, moja anamfanyia mwenye gari, mbali na saa anazopoteza njiani. Ukimpa chumba cha karibu umempandishia mshahara bila ya kumgusa tajiri wake. Na umempa muuza uzi mteja wa kwanza.

Na umuhimu wa Fumba haukuanza na maghorofa haya. Waya mkubwa wa umeme wa Unguja unaotoka bara kwa kupita chini ya bahari hutokea nchi kavu hapo hapo Ras Fumba. Wa kwanza uliwekwa 1980. Ulipoharibika 2008 kisiwa kizima kilikaa gizani karibu mwezi, na kuanzia Desemba 2009 kikakaa tena miezi mitatu, majenereta yakinguruma Darajani na barafu ikiuzwa kama dhahabu. Wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulikuja 2013 kwa fedha za Marekani. Fumba, kwa maneno mengine, ilikuwa mahali muhimu kwetu sote kabla ya kuwa na anuani.

Safari yangu ya mwisho nilikunywa chai nje ya lango, kwenye banda la bibi mmoja anayekaanga mandazi na kuuza uji wa mtama. Mafundi wanamwita Bi Mkubwa na wanakopa mpaka Ijumaa. Nyuma ya banda niliona kuta tatu za matofali, hazijapigwa plasta, zimeezekwa bati jipya.

"Ghala, Bi Mkubwa?"

"Ghala ya nini, mwanangu? Vyumba hivyo. Viwili vyangu, kimoja cha mdogo wangu."

"Na wapangaji?"

Alimwelekezea mwiko wa chuma kijana mmoja aliyekuwa akimalizia kikombe chake, fulana imejaa chokaa. "Huyo kashalipa miezi mitatu, na mlango sijatia."